Siku sita na Zenit ya ami, Tanga mpaka Amani

Alhamisi

Nimeamka saa kumi na moja alfajiri kumbe gari yenyewe ya kupanda Amani, kule milima ya Usambara, inatoka Muheza mchana, lakini ndo mambo ya mtu aliyeingojea safari tangu mwezi wa tatu, masika ikamzuia wiki hii, ikamzuia wiki ile, mpaka kipupwe kikaingia. Basi muda wote nikawa nafungua begi na kulifunga. Ndani kuna kamera moja ya Zenit-E, lensi ya Helios moja, pete tatu za kurefushia lensi, waya wa kubonyezea shata (pazia la ndani ya kamera linaloruhusu mwanga na kuuzuia), flashi ya zamani ya betri, mikanda mitatu ya Ilford HP5 yenye picha 36 kila mmoja, na kifuko cha choroko kilo moja ambacho mke wangu ananidai mpaka leo. Choroko si za kula. Unakiweka kifuko juu ya jiwe au gogo, unakipiga ngumi kifanye shimo, kamera inalala humo imetulia kuliko stendi yoyote ya bei rahisi, na kwa picha za vitu vidogo unavyovipigia chini kwenye majani stendi yenyewe mara nyingi ni ndefu mno, inakuwa mzigo tu.

Kamera ni ya ami. Alikuwa na studio Ngamiani enzi zile za picha za paspoti, pazia la bluu nyuma na kitana kimefungwa uzi kwenye kioo wateja wasiondoke nacho. Studio ilishakufa ila Zenit ipo. Ni ile ya toleo la Olimpiki ya Moscow 1980, ina duara tano mbele, na ami kila akiishika lazima akutajie Filbert Bayi na Suleiman Nyambui waliorudi na medali za fedha mwaka ule, Bayi mbio za kuruka viunzi na maji, Nyambui mita 5,000, utadhani kamera ndo iliyokimbia.

Nilienda kuiomba najua atanikatalia.

"Shikamoo ami."

"Marahaba. Umeifuata Zenit."

Akanipa kwa masharti mawili, isilale kwenye mkoba wake wa ngozi na nisimpe mtu mwenye mikono ya chumvi. La ngozi nalielewa, ngozi inashika unyevu na kwa joto letu la pwani kuvu inaota mpaka ndani ya kioo cha lensi. Yeye anaiweka kwenye kopo la biskuti pamoja na mchele uliokaangwa mkavu bila mafuta, kila baada ya mwezi anaukaanga tena. Hata hivyo ukiielekeza Helios kwenye taa unaona pembeni kijiutando kama cha buibui. Haikuzuia kitu kwenye picha, ila nilipomwonyesha alinuna.

Stendi ya Kange nikapanda gari ya Muheza, Muheza nikasubiri sana, nikala machungwa mawili, nikapata siti ya nyuma kwenye Coaster iliyojaa mpaka mlango haufungi. Njia kwanza ni mashamba, halafu baada ya kufika Zigi, pale penye nyumba ya stesheni ya zamani ya Wajerumani (kulikuwa na kireli chao cha kushushia mbao), unaanza kupanda kona baada ya kona na masikio yanaziba. Kamera nimeipakata kama mtoto mchanga. Mama mmoja pembeni yangu akaniuliza nimebeba nini, nikamwambia kamera ya mkanda, akasema "bado zipo?" halafu akalala begani kwangu mpaka Amani.

Ijumaa

Baridi. Watu wa Tanga mjini hatujui baridi, tunadhani tunajua. Amani ipo karibu mita 900 juu ya bahari na asubuhi ukungu unaingia mpaka chumbani, unauona kabisa unapita dirishani. Wajerumani walianzisha kituo chao cha utafiti wa mimea hapa 1902, wakaleta miti ya kila pembe ya dunia kuijaribu, ndo maana unatembea kwenye bustani unakutana na mkwinini, unakutana na mwanzi mnene kama paja, halafu hatua mia mbili mbele unaingia kwenye msitu wenyewe ambao hakuna aliyeupanda.

Mzee wa kunitembeza nimeelekezwa na watu wa pale. Msambaa, mrefu, mabuti ya mpira, anaongea taratibu. Nimemwamkia, kaitikia, halafu kabla hatujapiga hata hatua kumi akaniambia, "Mwanangu, piga picha kila kitu humu, mimi usinipige." Nikamuuliza vipi baba. Akanyoosha mkono akaanza kuhesabu kwa vidole, akianzia dole gumba la kushoto ambalo kucha yake imepasuka katikati kama ukwato wa mbuzi, "Mwaka ule walikuja wa nchi fulani wakanipiga picha wakasema tutakuletea, mwaka ule wengine, mwaka ule wengine." "Picha zangu zipo dunia nzima, nyumbani kwangu hakuna hata moja." Sikuwa na jibu nikaweka kifuniko kwenye lensi.

Sasa niwaeleze kidogo jinsi hii kitu inavyofanya kazi maana watu wananiuliza kwa nini usitumie simu tu. Helios yenyewe haikubali kusogea karibu zaidi ya nusu mita, hapo kipepeo anakuwa kadoa tu. Unachofanya unaifungua lensi kwenye uzi wake, unapachika pete katikati ya lensi na kamera, pete haina kioo wala nini, ni bomba tupu, kazi yake ni kuisogeza lensi mbali na mkanda. Mimi ninazo za milimita 7, 14 na 28. Hesabu yake ni ya darasa la nne, chukua urefu wa pete ugawe kwa 58 ambayo ni saizi ya lensi, pete ya 28 inakupa karibu nusu, yaani kitu cha sentimita mbili kinakaa kwenye mkanda kwa sentimita moja. Ukizipanga zote tatu na ukaivuta na lensi mpaka mwisho unafika moja kwa moja (1:1), chawa anakuwa na ukubwa wa chawa kwenye mkanda. Ubaya wake mwanga unapotea njiani. Kwenye nusu unapoteza kama stopu moja na kidogo (stopu moja ni mwanga kupungua nusu), kwenye moja kwa moja unapoteza mbili kamili, mwanga unaoingia ni robo tu ya ule kipimo kinachokwambia. Ukisahau hilo unarudi nyumbani na mkanda wa usiku.

Na kina. Hapo ndo penye kesi. Ukiwa moja kwa moja na umefunga tundu la lensi mpaka f/8 (namba ikikua tundu linakuwa dogo), sehemu inayotoka kali ni kama milimita moja. Ukipumua umeipoteza. Kwa hiyo huzungushi fokasi, unaiacha lensi ilivyo, unasogeza kamera nzima mbele nyuma kama mtu anayesali kwa taratibu sana, na unabonyeza inapopita.

Wa kwanza alikuwa jongoo. Wa Amani ni majitu, mweusi anang'aa, mrefu kama kalamu mpya na zaidi, anatembea kwenye gogo lenye kuvu ya manjano. Nilitaka miguu yake, ile inavyopanda na kushuka kama mawimbi. Nikalala kifudifudi kwenye majani mabichi, choroko chini, jicho kwenye dirisha la kamera. Tatizo kamera hii ina spidi tano tu, kuanzia 1/500 mpaka 1/30, chini ya hapo ni B, yaani shata inakaa wazi mpaka uachie mwenyewe. Hamna katikati. Msituni mwanga ni mdogo kiasi kwamba sindano ya kipimo cha Zenit haikunyanyuka kabisa, nikawa napima kwa programu ya simu. Mzee akacheka mpaka akakaa chini. "Simu inapiga picha, wewe unaitumia kuiuliza kamera nyingine ipige vipi."

Basi jongoo kwenye 1/30 nimefungua lensi f/4, kichwa kitakuwa kimeshika labda, miguu itakuwa moshi. Nikapiga 9. Wahenga walisema mtupa jongoo hutupa na mti wake, mimi nilitaka kumbeba na mti wake nimpeleke penye jua. Mzee akakataa, mti ni nyumba yake.

Baadaye Mzee akaenda swala ya Ijumaa, nikabaki na kuvu na ndago na konokono mmoja asiye na haraka, wote hao wanakubali B. Unafunga f/16, unashika waya wa shata, unahesabu elfu moja na moja, unaachia. Sekunde moja. Kama upepo haujapita umepata. Upepo unapita. Kila mara unapita, yaani jani limetulia dakika nne nzima linakusubiri ubonyeze ndo licheze. Mkanda wa kwanza umeisha saa tisa.

Kingine cha kusema kuhusu Zenit, dirisha lake ni la uchoyo, linakuonyesha kama theluthi mbili tu ya kitakachoingia kwenye picha. Kingo zote nne zinapokea vitu ambavyo hujaviona. Ami aliniambia, nikasema nimesikia.

Usiku Mzee akaja na tochi kutafuta vinyonga. Mchana unaweza ukampita kumi humuoni, usiku analala kwenye ncha ya kijitawi na ukimmulika anang'aa mweupe kama karatasi. Tulipata watatu ndani ya nusu saa, mmoja ana pembe mbili puani. Hawa wa milima yetu wanasayansi waliwatenga kwenye jenasi yao 2006 wakaipa jina Kinyongia, Kiswahili kitupu kimevalishwa Kilatini. Flashi nikaifunga leso nyeupe mikunjo minne maana kwa umbali ule inaunguza picha, shata 1/30 kwa sababu flashi kwenye kamera hii haielewani na spidi ya juu ya hapo. Nilipiga 8 tu, alianza kufungua jicho nikaona haya. Mzee mwenyewe hamgusi kinyonga hata kwa fimbo, na sikumuuliza.

Jumamosi

Siku ya ua. Safari nzima ilikuwa kwa ajili ya hili.

Wengi mnalijua hamjui kama mnalijua, ni lile ua la zambarau la kwenye kopo linalokaa dirishani kwenye nyumba za Ulaya, majani yenye manyoya laini. Kwao ni hapa. Mwaka 1892 bwana mkubwa wa Kijerumani wa upande huu, Walter von Saint Paul-Illaire, alilichukua akalipeleka kwa baba yake Ujerumani, na 1893 mtaalamu Hermann Wendland akalipa jina Saintpaulia, la familia ya huyo bwana. 2015 wakabadilisha tena wakalitia kwenye jenasi ya Streptocarpus. Nikamweleza Mzee yote haya tunatembea, akasikiliza vizuri, akasema, "Na lenyewe wamelirudishia lini?" Nikafikiri anatania, hakutania.

Tulitembea kama saa moja na nusu, kushuka kwenye kijito, kuvuka kwa kushikana mikono, kupanda kwenye majabali yenye kivuli ambayo hayakauki mwaka mzima. Mzee akasimama. "Hayo." Mimi sioni kitu. Akanyoosha kidole, kwenye ufa wa jiwe usawa wa kifua changu kuna majani kama sarafu yamebanana, na juu yake maua matatu, madogo kuliko ninavyokumbuka kwenye picha, petali tano, katikati vijipunje viwili vya njano. Tone la maji limekaa kwenye petali ya chini halidondoki.

Niseme ukweli nilibaki naangalia tu dakika nzima kabla ya kufungua begi.

Halafu kazi. Jabali limesimama wima kwa hiyo choroko haina pa kukaa, nikakata fimbo mbili kutoka matawi yaliyoanguka, nikazifunga msalaba kwa shuka la kanga, kamera ikakaa juu inayumba yumba. Pete ya 28. Helios hii ina mizunguko miwili mbele, mmoja wa kuweka namba ya tundu na mmoja wa kufungua na kufunga, unafungua mpaka f/2 uone vizuri, unashika fokasi, halafu unafunga kwa vidole viwili bila kuisukuma kamera hata unywele, na hapo f/16 dirisha linakuwa giza kabisa, unapiga kwa imani. Kipimo kinasema nusu sekunde, naongeza ya pete, inakuwa sekunde moja na kitu. B. Elfu moja na moja.

Jani moja kubwa la kangaga (fern) lilikuwa linainamia maua, linaweka kivuli. Sikutaka kulikata na Mzee asingeniruhusu. Akasema ngoja, akapanda jiwe la pembeni, akalishika kwa kidole na kulivuta upande, mwanga ukaingia mweupe laini kama wa pazia la studio ya ami. "Baba usitikisike." "Sitikisiki." Na kweli hakutikisika, mtu wa umri ule amening'inia kwenye jiwe lenye utelezi mkono mmoja umeshika mzizi, mwingine umeshika jani, mimi nahesabu, upepo unakuja nasema subiri, unaondoka nasema sasa. Muda wa saa tatu tulikaa pale. Picha 28, zote zilizobaki kwenye mkanda wa pili. Katikati tukala mihogo ya kuchemsha aliyoifunga mkewe kwenye jani la mgomba, akanisimulia kucha ile ilivyopasuka, alikuwa kijana kwenye kiwanda cha chai, mlango wa chuma, upepo. Habari fupi. Akaniambia alilia kwa uchungu lakini alikuwa amevaa saa mpya siku hiyo kwa hiyo watu walidhani analilia saa.

Kitu kimoja tu, ukiwa unakokota mkanda tazama kile kitufe cha kushoto cha kurudishia, kikizunguka ujue mkanda unatembea, kisipozunguka unapiga hewa. Mimi sasa nakitazama kila mara mpaka imekuwa ugonjwa. Ami alishapiga harusi nzima ya Chumbageni hewa, mkanda haukushika meno, na bwana harusi alikuwa shemeji yake.

Jumapili

Mvua. Kutwa. Nimekaa barazani nakunywa chai ya hukohuko, naangalia maji yanashuka kuelekea mto Zigi, na maji ya mto huo ndo tunayofungulia bomba Tanga mjini. Lensi ilishika ukungu nilipoitoa nje, nikaiacha ikauke yenyewe, ukifuta unaongeza mikwaruzo bure. Sikupiga hata moja. Mzee alipita jioni na mwamvuli kuniaga, nikampa hela yake na sukari kilo mbili, nikaomba namba yake ya simu. Akaniangalia kidogo ndo akanitajia.

Jumatatu

Coaster ya alfajiri, utelezi, tulishuka kusukuma mara mbili. Muheza stendi nimekuta vunjajungu amekaa juu ya tenga la machungwa, kijani kama rangi ya kopo, mikono ameikunja. Muuza machungwa akaniambia usimguse utavunja vyungu vya watu nyumbani. Nikamwambia simgusi, nampiga picha tu. "Hiyo je, haivunji?" Jua kali, f/11, hapo hatimaye 1/125 ikatosha, nikafurahi kama mtoto. Picha 5, moja naamini jicho lake nimelipata. Kange nikapanda bodaboda mpaka nyumbani.

Jumanne

Kusafisha mkanda. Mimi nasafisha mwenyewe kwa kahawa, na hapa najua wengine mtasema natania. Sitanii. Ilianzia chuo kimoja cha Rochester, Marekani, 1995, na sasa watu dunia nzima wanafanya. Kwa nusu lita ya maji unaweka gramu 27 za soda ya kufulia, gramu 8 za vitamini C ya unga, gramu 20 za kahawa ya unga wa kuyeyuka, mimi natumia Africafe, hiyo inayokaa kwenye kila kabati Tanzania. Soda ya kufulia sikuipata nikatengeneza, baikaboneti ya duka unaikaanga kwenye sufuria kavu moto mkali mpaka iache kuchemka chemka kama maji, hapo imeshabadilika. Magadi msijaribu, niliwahi kujaribu, yalitoka maji ya matope na mkanda wa harusi ya jirani nusura. Ukishachanganya harufu inayotoka ni kama samaki aliyelala kwenye kopo la kahawa. Mke wangu alichukua watoto akaenda kwa shangazi yao.

Shida ya Tanga ni joto. Dawa inataka maji ya nyuzi 20, bomba letu linatoa uji. Nikaweka barafu ya mia tano kwenye beseni, jagi ndani ya beseni, kipimajoto cha homa hakifiki chini hivyo nikatumia cha ami cha studio. Kuingiza mkanda kwenye tenki kunataka giza totoro, huwa naingia kabatini na blanketi juu, lakini saa mbili usiku umeme ukakatika mtaa mzima, kila nyumba watu wakalalamika "aaah!", mimi peke yangu nikasema alhamdulillahi nikafanya kazi yangu kitandani nimekaa raha mustarehe. Dakika 15 kwenye dawa, nageuza tenki kila dakika, maji yenye siki kidogo, fiksa (dawa inayofanya picha isiharibiwe tena na mwanga), maji mengi. Yaani maji yaleyale ya Zigi.

Mkanda wa kwanza, jongoo. Miguu moshi kama nilivyosema, ila picha ya saba kichwa na pembe zake vimekaa vikali, na miguu ilivyofutika imekuwa kama mvuke unatoka chini ya treni, sikuipanga hivyo na siikatai. Konokono mzuri. Kuvu nyingi nyeusi mno, nilisahau hesabu ya pete picha kumi za mwanzo, mimi niliyewapa somo hapo juu.

Mkanda wa pili nikauning'iniza bafuni na kibanio cha nguo chini yake usijikunje. Vinyonga viwili vizuri. Halafu ua. Umeme ulisharudi, nikatoa Helios kwenye kamera nikaigeuza, maana hiyo lensi ukiigeuza ni kioo cha kukuzia kizuri kuliko cha dukani, nikaweka negativu, yaani mkanda uliosafishwa ambao cheusi kinaonekana cheupe na cheupe cheusi, mbele ya taa, jicho kwenye lensi.

Maua yapo. Tone la maji lipo. Petali kidogo zimetikisika kwenye nyingi, kama picha nne zimetulia, si mbaya. Ila upande wa kulia, kwenye ile theluthi ambayo Zenit haikuonyeshi, kuna kitu cheupe. Nikadhani fiksa haikushika. Nikasogea picha inayofuata, kipo. Inayofuata, kipo, kimesogea kidogo. Nikachukua simu nikapiga ile negativu nikageuza rangi.

Dole gumba. La kushoto, limebana jani la kangaga, kucha imepasuka katikati, udongo mweusi umejaa kwenye ule ufa, na ngozi ya kifundo ina mikunjo unaweza kuihesabu, na kwa kuwa alikuwa ameegemea jabali lilelile basi dole lipo usawa mmoja na ua, halijatikisika hata kidogo. Petali zimecheza, dole limesimama. Kwenye picha 11 kati ya 28. Kuna moja ua lenyewe limetoka kama pamba na dole limetoka kali kuliko kitu chochote nilichowahi kupiga kwa ile lensi, kovu dogo chini ya kucha nililikuta hapohapo, kwa macho yangu sikuliona saa tatu zote nilizokaa naye.

Nikamwonyesha ami kwenye simu. Akaikuza, akaipunguza, akaikuza. "Huyu nani?" Nikamwambia. "Mwangaza umeuweka vizuri," akasema, ambayo kwake ni sifa kubwa, nisingemwambia kwamba sikuweka mimi.

Nikampigia Mzee, ilikuwa saa nne kasoro, alishalala nadhani.

"Shikamoo baba. Samahani kwa usiku huu."

"Marahaba. Umefika?"

"Nimefika. Baba, picha zimetoka lakini kuna jambo, ulisema nisikupige na sikukupiga, ila kidole chako kimeingia."

"Kidole gani?"

"Dole gumba la kushoto."

Kimya. Nasikia mvua kwenye bati lake.

"Kimetoka?"

"Kimetoka vizuri kuliko ua."

"Basi hicho," akasema, "kilete."